Kitabu Kilichokula Maharagi

Ninyi vijana wawili muliokuja kunitembelea juzi hapa Kirotshe, muliniuliza swali nikacheka mpaka chai ikamwagika. Muliuliza: "Mama Biblio, vijana wa leo wanapenda vitabu gani?" Halafu mukashika kalamu, mukangoja nianze kutaja majina. Pole zenu. Ningekuwa na majina hayo, ningeyauza zamani nikanunua ngombe wa maziwa. Lakini tangu muondoke sikulala vizuri, juu funguo za biblio yangu, ile nyumba ya vitabu, sasa muko nazo ninyi. Nasema "yangu" na najua ni ya watu wote. Muniache niseme hivyo, nimezeeka, na ile nyumba ya mbao nimeifagia kabla hamujazaliwa.

Kijana akiingia, usimuulize anapenda kusoma nini. Atakujibu "Sijui," na hasemi uongo. Umemuuliza ladha ya chakula ambacho hajakionja.

Hilo nilijifunza kwa Papa Safari, aliyenitangulia katika kazi. Alikuwa muzee mufupi mwenye kofia ya sufu ambayo haikumutoka kichwani hata jua likiwaka. Kijana akiingia, yeye hakumuangalia. Aliendelea kushona kitabu kilichochanika, sindano ya magunia mukononi, na kumuacha mutoto azungukezunguke, aguseguse, atoe kitabu na kukirudisha mahali sipo. Kisha bila kuinua kichwa aliuliza: "Nani amekukasirisha hii juma?"

Hapo njo maneno yalitoka. Dada mukubwa. Mwalimu wa hesabu. Rafiki aliyepeleka siri kwa watu. Papa Safari alisikiliza mpaka mwisho, akaweka sindano chini, akaenda kwenye rafu na kurudi na kitabu. "Mwenye kuandika hii, naye walimukasirisha," alisema. "Ona vile alifanya." Kijana aliondoka amekibana kwapani, na siku mbili tatu baadaye alirudi kutafuta kingine.

Mimi nilipofika pale nilikuwa nimetoka masomoni, kichwa kimejaa. Njia ya Papa Safari niliiona ni ya kienyeji. Kijana mumoja murefu, mutoto wa wakulima, aliingia siku Papa Safari hayupo. Nikamuchagulia kitabu kinene chenye mafundisho mengi, nikamuhubiria juu yake mpaka akaanza kuangalia mulango. Alikirudisha baada ya muda murefu, kurasa zote safi, ila kwenye kuvertire, lile ganda la kitabu, kulikuwa na duara nyeusi ya sufuria. Mama yake alikuwa akiweka sufuria ya moto juu yake. "Kilitusaidia sana, Mama," aliniambia kwa heshima, na hakuwa ananitania. Papa Safari njo alicheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana kipara.

Kuna jambo lingine ambalo hamutalikuta katika makaratasi ya formation yenu, yale mafunzo ya kazi. Kijana wa kwetu hataki aonekane anasoma nini. Muvulana hawezi kupita sokoni na kitabu cha mapenzi mukononi, watamutania mpaka aoe. Kwa hiyo tulifunika vitabu vyote kwa karatasi za mifuko ya simenti, vyote, hata atlasi. Ghafla vitabu vya mapenzi vikaanza kutembea, na wenye kuvichukua zaidi walikuwa wavulana wenye mabega mapana kuliko wote. Katekista mumoja alitupongeza kwamba vijana wetu wanashika vitabu vyenye sura ya heshima. Tulimushukuru.

Ninakumbuka harufu. Watoto wa wafugaji waliposhuka kuuza maziwa waliingiza kitabu kati ya bido ya plastiki ya maziwa na mugongo, na kitabu kilirudi kikinuka maziwa. Cha watoto wa wakulima kilirudi na udongo pamoja na maganda ya maharagi kati ya kurasa. Nilikuwa nikifungua kitabu na kujua kimelala mulima gani. Pale mezani watoto hao wote walikaa bega kwa bega, juu meza ilikuwa moja. Mumoja alisoma kwa sauti, wengine walisikiliza. Na mvua ya milima ile ya Masisi munaijua. Ilikuwa inangoja pale ambapo mwizi wa hadithi anataka kukamatwa, halafu inapiga mabati mpaka husikii kitu. Watoto waliguna wote kwa pamoja, kisha wakangoja mvua inyamaze, na hakuna aliyethubutu kuangalia mbele peke yake. Ninaikosa sana ile kungoja. Leo kila mutoto iko na telefone yake, anasoma peke yake, anacheka peke yake. Siwakatazi. Nilimuona mumoja wenu akimunyang'anya kijana telefone mbele ya wenzake. Usirudie. Muombe akusomee kile kinachomuchekesha, na ukicheka naye, kesho atakuomba kitabu.

Sasa niwaeleze kisa ambacho watu wa milima ile bado wananitania nacho.

Kulikuwa na binti anaitwa Clarisse, mwaka wa tatu wa sekondari, mutoto wa mufugaji Papa Innocent. Kaka zake wote walikuwa wamekwenda Rubaya kuchimba madini ya coltan, kwa hiyo ngombe zilibaki kwa Clarisse. Akitoka masomoni alivua iniforme, akashika fimbo na kupanda malishoni mpaka jua lizame. Siku alipoingia biblio nilimuuliza swali la Papa Safari. Aliwaza kidogo.

"Hakuna mwenye kunikasirisha, Mama. Niko na ngombe tu."

"Ngombe zinakufanyia nini?"

"Hazisemake," alinijibu. "Tangu muchana mpaka mangaribi, hakuna mwenye kuniambia hata neno moja."

Nilimuangalia yule mutoto, roho ikaniuma. Nikajua kwamba huyu hataki kitabu cha mafundisho wala cha safari za mbali. Anataka watu wanaosema. Nikamuchukulia hadithi moja ya Kifaransa ambayo kila ukurasa kuna watu wanabishana, wanatongozana, wanapatana bei. Inaeleza habari za mama aliyepotezana na mutoto wake siku watu walipokimbia vita, akawa anamutafuta soko kwa soko. Clarisse akaweka kitabu mugongoni, akaenda.

Chini ya malisho ya Papa Innocent kulikuwa na shamba la Mama Feza. Mama Feza ni mukulima, na babu zake walilima mulima ule kabla ya babu yangu kuzaliwa. Siku hizo maharagi yake yalikuwa yametoa maua. Ngombe hazijui kusoma, lakini zinajua vizuri sana wakati mwenye kuzichunga anasoma. Ziliteremka moja nyuma ya nyingine, zikavuka ua wa miti na kuingia mezani.

Mama Feza alipofika, ngombe zilikuwa ndani ya maharagi mpaka magoti, na Clarisse ameketi juu ya jiwe, kichwa chini. Mama Feza alimuita. Akamuita tena. Mwishowe alipanda mpaka pale na kuweka mukono wake wenye udongo juu ya ukurasa. Alama ya vidole iko mpaka leo.

Vijana, ninyi muko wa kule, sihitaji kuwaeleza sana. Ngombe ikiingia shambani, si maharagi tu. Nimeona watu wanaosali kanisa moja wakishikiana mapanga juu ya majani ya viazi. Kwa hiyo shefu wa kijiji aliwaita watu upesi, kabla vijana wa pande mbili hawajaanza kutafuta fimbo. Papa Innocent alikuja na bido ya maziwa, vile inatakiwa kwa mwenye ngombe iliyokosa. Kwetu kule aliyeharibiwa shamba njo anasema atatulizwa namna gani, na ikiwa anachosema si cha kupita kiasi, shefu anakikubali na neno linakwisha.

"Clarisse," shefu aliuliza, "ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale, Papa Shefu."

"Ulikuwa pale na haukuona ngombe?"

"Nilikuwa mu kitabu."

Watu walicheka. Papa Innocent hakucheka. Wakatuma muntu anikimbilie, na mimi nikapanda mulima kwa hasira, juu nilikuwa na watu kwenye meza na sikupenda kuitwa kama mwizi. Nilipofika, Papa Innocent alisimama.

"Mama Biblio, nilikupatia mutoto mwenye macho, umenirudishia kipofu. Kitabu yako njo imekula maharagi ya Mama Feza."

"Papa Innocent," nikamuambia, "mimi nilimupa mutoto kitabu. Ngombe zako sikuziandikisha biblio."

Shefu akaniomba nikae chini, na nilikaa, lakini si kwa kupenda.

Papa Innocent akageuka kwa shefu. "Hii maneno nitaimaliza miye. Masomo imeisha. Shangazi yake iko Kashebere, anauzisha bitu ku barabara. Clarisse ataenda kumusaidia. Kule hakuna ngombe na hakuna kitabu."

Clarisse hakulia. Aliangalia mikono yake tu. Musimuone Papa Innocent kuwa muntu mubaya. Vijana wake wa kiume walikuwa wamemuacha, ngombe zile njo uzee wake, na aibu mbele ya jirani ilikuwa imemuunguza. Lakini mimi nilijua njia ile. Nimeona mabinti wengi wakienda kusaidia shangazi barabarani kwa muda kidogo, na kiti chao darasani kikachukuliwa na mwingine.

Mama Feza alikuwa ameketi kwenye majani, akichuma unyasi mumoja mumoja. Shefu akamuuliza anataka nini. Watu walijua atasema mbuzi.

"Nataka kusikia," alisema.

"Kusikia nini, Mama?"

"Ile kitabu. Nilimuita huyu mutoto na nguvu yangu yote, hakunisikia. Nataka nijue nani alikuwa anamuita kunipita miye."

Shefu akanitazama, mimi nikamutazama Clarisse. Alitoa kitabu mugongoni, akakifungua pale penye alama ya vidole. Kila mustari aliupitia kwanza kimya kwa Kifaransa, kisha akausema kwa Kiswahili. Yule mama wa hadithi alikuwa amefika soko jipya, mbele ya mwanamuke anayeuza chumvi. Alimuuliza kama ameona mutoto mwenye kovu kidevuni. Muuza chumvi akasema labda amemuona, labda juzi. Basi yule mama akaanza kununua chumvi asiyoihitaji, kidogo kidogo, ili muuza chumvi asiache kusema.

Mama Feza aliacha kuchuma unyasi. Na hapo njo nilikumbuka, na wote waliokaa pale walikumbuka. Kitinda mimba wake, Bahati, alipotea mukononi mwake siku watu walipokimbia kuelekea Walikale. Alikuwa bado mudogo. Hakuna habari iliyorudi, si ya kuishi wala ya kufa. Mimi kitabu nilikuwa nimemuchagulia Clarisse, sikuwaza kwamba kingeteremka mulima.

"Alimupata?" Mama Feza aliuliza.

"Sijue, Mama. Njo nilikuwa nafika pale."

Mama Feza akageuka kwa shefu. "Papa Innocent atanipatia mbegu, nipande tena. Na huyu mutoto atakuja kunisomea kila siku ya Mungu, kila Jumapili, mpaka kitabu iishe. Mbele ya kuisha asiende fasi yoyote, hata Kashebere."

Halikuwa jambo la kupita kiasi, hakuna aliyeweza kusema limepita. Papa Innocent aliitika kwa kichwa. "Mpaka kitabu iishe," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Kisha Kashebere." Wakanywa maziwa, na watu wakatawanyika.

Mutaelewa basi vile tulisoma kile kitabu. Polepole, vijana. Clarisse alikuwa ananipitia biblio Jumatatu, ananiambia wamefika wapi, na mimi nilimukazia: usiruke hata neno. Mwandishi yule alipenda kueleza mawingu. Zamani nilikuwa nikimulaumu, kurasa nzima za mawingu, lakini wakati huo nilimubariki. Kule kwa Mama Feza, jikoni, jirani walianza kuja na kazi zao, huyu anachambua majani ya sombe, yule ananyonyesha. Watoto wa wakulima waliketi mbele. Mama Feza alimubishia yule mama wa hadithi kama jirani yake: "Usimuamini huyo mwenye duka. Ona macho yake." Clarisse, aliyekuwa hasemi kitu, akaanza kubadilisha sauti, sauti ya muuza samaki, sauti ya askari. Nilipomusikia siku moja nilijiuliza kama ni mutoto yuleyule wa ngombe.

Lakini kitabu ni kitabu. Siku moja aliingia biblio na uso umemubadilika. Alikuwa ameshindwa kujizuia, akasoma mpaka ukurasa wa mwisho.

"Mama Biblio, yule mama hamupatake mutoto."

"Najua, mwanangu."

"Nitabadilisha," alisema. "Iko mu Kifaransa, hatajua. Nitamuambia alimupata."

Vijana, hapo hakuna formation inayoweza kukusaidia. Nilitamani kumuambia ndiyo. Niliwaza uso wa Mama Feza akisikia kwamba mutoto amepatikana, na mimi pia nilitaka kuuona uso huo.

"Ukimuambia hivyo," nilisema, "atakuuliza alimupata wapi, alikuwa amevaa nini, alisema nini kwanza. Utamujibu. Kisha wewe utarudi kwenu, na yeye atabaki mu ile nyumba bila Bahati."

"Na nikimusomea vile iko?"

"Sijui, Clarisse." Na kweli sikujua. "Lakini nitakuja na wewe."

Siku ya mwisho jiko lilijaa. Papa Innocent naye alikuja. Alisimama mulangoni na fimbo yake, nusu ndani, nusu inje. Kwake, mufuko wa Clarisse ulikuwa umekwisha kufungwa, na muntu wa kumupeleka Kashebere alikuwa amepatikana.

Clarisse alisoma kama kilivyoandikwa. Hakubadilisha kitu. Yule mama anafika soko lingine. Anashusha muzigo wake pale pa kuingilia, anafunga kitenge vizuri, anamukaribia muntu wa kwanza na kuuliza: umeona mutoto mwenye kovu kidevuni? Basi. Hakuna neno lingine.

"Imeisha, Mama," Clarisse alisema.

Nilishika kiti changu kwa mikono miwili. Mama Feza alikuwa anaangalia moto.

"Huyu mama," aliuliza, "pale mwisho, iko amekaa ao iko anatembea?"

"Iko anatembea, Mama. Anaingia mu soko."

"Iko anauliza tena?"

"Iko anauliza."

"Sasa imeisha namna gani?"

Papa Innocent alisafisha koo pale mulangoni. "Mama Feza, mutoto amefika ku karatasi ya mwisho. Tulipatana."

Mama Feza alimugeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa na machozi, na hakuyafuta. "Tulipatana mpaka iishe, Papa Innocent. Huyu mama bado iko anatafuta. Miye pia. Haiyaisha." Kisha akamuambia Clarisse: "Anza tena, mutoto yangu."

Nilimuangalia Papa Innocent. Aliangalia binti yake, akaangalia yule mama ambaye ngombe zake zilimuharibia shamba. Kisha aliegemeza fimbo kwenye ukuta, akainamisha kichwa kwa ajili ya mulango mufupi, akaingia na kukaa chini kati ya watoto.

"Anza basi," alisema. "Mwanzo miye sikuisikia."

Hivi Clarisse hakuenda Kashebere. Alipata diplome yake, leo ni mwalimu, na akirudi kwenye milima ile bado anapitia jikoni mule siku ya Mungu. Ninyi mukihesabu vitabu vya biblio mutaona kuna kimoja hakipo kwenye rafu. Musisumbuke kukitafuta. Kiko kwa Mama Feza, na musiende kukidai.